Nani Anakula Samaki wa Ziwa? Tahakiki ya "Filamu ya Mapanki" kwa Mwanga wa Ombi la Mkate wa Kila Siku

Utangulizi

Mwaka 2004 ilitolewa filamu ya mambo halisi iitwayo Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin. Mtengenezaji wake ni Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria aishiye Ufaransa, naye aliipiga picha mjini Mwanza na katika mialo ya Ziwa Victoria. Mwaka uleule ilipata tuzo ya filamu bora ya aina yake barani Ulaya. Mwaka 2006 ilipata tuzo ya César huko Ufaransa na ikawa miongoni mwa zilizoteuliwa kushindania Oscar. Hapa Tanzania watu wengi waliisikia kabla ya kuiona, wakaiita "filamu ya mapanki". Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani mwaka 2006, na mwaka huohuo wakazi wa Mwanza waliandamana kuipinga. Huko Ufaransa, mwanahistoria François Garçon aliandika kitabu kizima cha kuikosoa. Sauper akamshtaki kwa kashfa, akashinda.

Ghasia hizo zimekwisha kutulia. Katika makala haya tunakusudia kuitazama filamu hiyo upya, si ili kuamua ugomvi uliopita, bali kwa sababu swali lililomo ndani yake bado lipo, na sasa linamhusu samaki mwingine. Swali lenyewe ni fupi: nani anakula samaki wa ziwa? Tunadai kwamba filamu ililiuliza vema ikalijibu nusu, na kwamba wale waliobaki kuikemea tu hawakulijibu hata hiyo nusu. Tunadai pia kwamba himizo la kula chakula cha mahali, ambalo siku hizi linasikika kila upande, halina uzito wa kimaadili mpaka tujue neno "mahali" lina maana gani.

Habari inayosimuliwa

Katika filamu hii msimulizi hasikiki. Maelezo machache huandikwa kwenye picha, na mengine yote husemwa na watu wenyewe: marubani kutoka Urusi na Ukraine, wanawake wanaofuatana nao, mwenye kiwanda, mlinzi wa usiku, watoto wa mitaani, mchungaji wa mwaloni. Ndege kubwa za mizigo aina ya Ilyushin zinatua Mwanza, zinapakiwa minofu ya sangara, zinaondoka kwenda Ulaya. Tena na tena mtengenezaji anauliza ndege hizo zilikuja na nini. Jibu linakawia mpaka mwishoni, ambapo mmoja wa wanaanga anasimulia kwamba aliwahi kupeleka zana za vita Angola, kisha akapitia Johannesburg kuchukua zabibu za kuwapelekea watu wa Ulaya.

Kati ya picha hizo tunaonyeshwa yanayobaki mjini. Watoto wanagombania sufuria ya wali. Habari za njaa nchini zinatajwa huku wajumbe wa Ulaya wakisifu usafi wa viwanda. Kisha tunafikishwa mahali ambapo mabaki ya sangara yanamwagwa kutoka kwenye malori. Haya ndiyo mapanki: kichwa, mgongo na mkia, baada ya minofu kutolewa. Wanawake wanayatundika juu ya vichanja kati ya funza na mvuke wa kuoza, na mmoja wao ameharibika jicho. Picha hiyo ndiyo iliyoipa filamu jina lake la mitaani, na ndiyo iliyowaudhi wengi.

Inachokiona vema

Twapaswa kukiri kwanza nguvu ya filamu hii. Imeweka meza moja mbele ya macho yetu na kutuonyesha milango miwili ya nyumba. Kwa mlango mmoja inatoka nyama, na kwa mlango wa pili inatoka mifupa. Asomaye Injili hawezi kuitazama picha hiyo bila kumkumbuka Lazaro mlangoni pa tajiri (Lk 16:19-31), au yule mwanamke Mkanaani aliyesema habari za makombo yaangukayo mezani (Mt 15:21-28). Walioikemea filamu walisema kwamba mapanki yale yalikuwa ya kusagwa kuwa chakula cha mifugo. Huenda ni kweli kwa yale yaliyopigwa picha siku ile. Lakini kila aliyeishi Mwanza katika miaka ya 1990, viwanda vya minofu vilipokuwa vikizidi kujengwa, anajua kwamba mapanki yaliuzwa sokoni, yalikaangwa na kuliwa. Hakuna aibu katika kula kichwa cha samaki. Kwetu ni sehemu ya heshima. Jambo la kuuliza ni kwa nini kichwa kilibaki peke yake.

Tena kuna jambo ambalo filamu inaligusa bila kulifafanua, nalo linahitaji historia. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akitolewa Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Waliompandikiza walitaka samaki mkubwa atakayewala furu, samaki wadogo waliojaa ziwani, ambao maofisa wa wakati ule waliwahesabu kuwa takataka. Furu walikuwa zaidi ya aina 500, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Kwa watu wa ufuko walikuwa kitoweo: mtu aliwaanika juani bila kuni wala chumvi nyingi, akawala kwa ugali au akawauza mnadani. Katika miaka ya 1980 sangara aliongezeka ghafula, na katika Ghuba ya Mwanza furu walipungua sana kwa muda wa miaka michache tu. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka.

Basi angalia mgeuko huo. Samaki waliokuwa chakula cha watu waliitwa takataka. Na baada ya miaka 40 takataka halisi za kiwandani zikawa chakula cha watu. Anayepewa mamlaka ya kuita kitu takataka amepewa mamlaka ya kuamua nani ale nini.

Isichokiona

Hata hivyo filamu ina upungufu mkubwa, nasi tutautaja kwa sehemu tatu.

Kwanza ni jina lake. Sauper anatumia jina la Darwin ili tuone kwamba yanayotendeka majini, ambako mkubwa humla mdogo, yanatendeka pia nchi kavu kati ya tajiri na maskini. Mfano huu unavutia lakini unadanganya. Sangara humla furu kwa sababu ameumbwa hivyo. Hana leseni ya biashara, hapangi bei, hamkopeshi mtu nyavu. Mtu anapomnyima mwenzake chakula, hapo pana mkataba uliotiwa sahihi, pana kodi iliyolipwa au kukwepwa, pana ofisa aliyeangalia pembeni. Ukiugeuza uonevu kuwa sheria ya maumbile umewafungulia waonevu mlango. Imani ya Kikristo huuita uonevu dhambi, na dhambi ina mtenda wake, naye aweza kuitwa kutubu. Jinamizi halitubu, mtu huamka tu.

Pili ni silaha. Filamu haionyeshi hata sanduku moja la silaha likishushwa Mwanza. Inaunganisha picha za ndege, maneno ya mwandishi wa habari mmoja, ungamo la mwanaanga kuhusu safari ya Angola, kisha inamwachia mtazamaji ajaze nafasi. Biashara ya silaha katika nchi za Maziwa Makuu ilikuwepo kweli, na damu iliyomwagika Kongo ni shahidi. Lakini ushahidi wa jambo kubwa hautolewi kwa kudokeza. Udhaifu huu uliwapa viongozi njia rahisi ya kuikataa filamu yote: waliposema kwamba madai ya silaha hayakuthibitishwa walisema kweli, na kweli hiyo ndogo ikalifunika swali la chakula.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, filamu haikufika Kirumba. Soko la Mwaloni Kirumba limo ndani ya jiji la Mwanza, mwendo mfupi kutoka ilipowekwa kamera. Hapo huuzwa dagaa kwa magunia na kayabo, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi. Bidhaa hizo husafiri kwenda mikoa mingine na kuvuka mpaka kwenda Kongo. Anayenunua kayabo huko Kongo si tajiri. Ni mtu anayetafuta kitoweo kisichohitaji barafu. Uchumi huo una wanawake wengi: waanikaji, wachuuzi, wapishi, wakopeshaji wa fedha kidogo kidogo. Filamu iliyojaa wanawake haina hata mmoja anayepima dagaa, anayebishana bei, anayejua leo ziwa limetoa nini. Inao wanaouza miili yao na wanaotundika mifupa. Kamera haikai kwenye kaya ya kawaida wakati wa chakula cha jioni. Haioni ugali wa muhogo, wala michembe na matobolwa ya Wasukuma, wala dagaa wa nazi au wa nyanya chunguni. Mtazamaji wa Paris au Vienna akitoka ukumbini ataamini kwamba watu wa Mwanza hawana meza.

Hapa inafaa kukitaja kitabu cha Tijs Goldschmidt, mtafiti wa Kiholanzi aliyekuja Mwanza kuwachunguza furu pamoja na kundi la Chuo Kikuu cha Leiden, akachapisha simulizi lake mwaka 1994. Kitabu hicho nacho kina jina la Darwin, nacho kinaomboleza samaki waliopotea. Lakini Goldschmidt alikaa. Alihitaji wavuvi ili amjue samaki, na kwa hiyo wavuvi katika kitabu chake ni watu wenye ujuzi. Anaeleza pia jambo ambalo filamu inalipita: furu alianikwa juani, lakini sangara ana mafuta mengi, hivyo hana budi kukaushwa kwa moto, na moto huo ulikula miti ya ufukoni na visiwani. Hii ni hesabu ya kweli ya gharama ya chakula, nayo imefanywa na mtu aliyeketi karibu na jiko.

Chakula cha mahali ni kipi?

Baada ya filamu kuonyeshwa Ulaya, baadhi ya watazamaji walitoa wito wa kumsusia sangara. Tunaelewa dhamiri yao. Lakini mialo ilikwisha kuonja dawa hiyo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hili kwa hofu kwamba palikuwa na wanaovua kwa sumu. Bei ilianguka, viwanda vikapunguza kazi, na wavuvi waliokuwa wamekopa nyavu na injini kwa mawakala wakabaki na deni bila soko. Susio liamuliwalo mbali, kama ununuzi uamuliwao mbali, humkuta mvuvi pale alipo bila kumwuliza.

Je, tuseme basi kwamba kila watu wale cha kwao, na mambo yakaishia hapo? Ziwa lenyewe linatukataza kusema kwa wepesi namna hiyo. Tumekwisha kuona kwamba sangara ni mgeni. Sato naye, ambaye mtu wa Mwanza humsifia mgeni wake kuwa ndiye samaki wa kwetu, kwa sehemu kubwa si ngege wa zamani. Ni aina iliyoletwa kutoka maji mengine katika miaka ya 1950. Muhogo, mahindi na viazi vitamu asili yake ni Amerika. Kama uzawa ndio kipimo, sahani yetu itabaki karibu tupu.

Umbali nao si kipimo kinachotosha. Kayabo anayeliwa Kongo amesafiri mbali, naye amemshibisha maskini. Minofu iliyopelekwa Ulaya imesafiri mbali, nayo ililipia ada ya shule ya watoto wengi. Mvuvi aliyeuza badala ya kula hakuwa mjinga. Kwa upande mwingine, katika miaka ya 2010 masoko ya Kisumu, mji ulio ufukoni mwa ziwa hilihili, yalijaa sato wa barafu kutoka China kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya samaki wa ziwani. Mwenyeji alikula cha mbali kwa kuwa cha karibu kilimshinda bei.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba chakula cha mahali kipimwe kwa maswali matatu. La kwanza: je, aliyekivua au kukilima, pamoja na jirani yake, aweza kukila akitaka? La pili: je, maji na udongo vitaweza kukitoa tena kesho? La tatu: je, kila mkono uliokigusa umelipwa haki yake? Chakula kikifaulu maswali haya matatu, na kisafirishwe. Kikishindwa, hata kama kimetoka bustani ya nyuma ya nyumba, kina uchungu ndani yake.

Kwa vipimo hivi biashara ya minofu ilivyoendeshwa inaonekana wazi zaidi kuliko katika filamu. Swali la kwanza ilishindwa, kwa kuwa bei ya nje ilimpandisha sangara juu ya uwezo wa jirani. Swali la pili ilishindwa pia. Tangu miaka ya 2000 sangara wakubwa wamepungua, na viwanda kadhaa vimepunguza kazi au kufungwa. Sheria inakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50, lakini nyavu haramu zimeendelea, hata serikali ikafanya Operesheni Sangara mwaka 2018 na kuzichoma moto. Na swali la tatu lilishindikana pale wakala alipomkopesha mvuvi nyavu kwa sharti la kumwuzia yeye peke yake, kwa bei aipangayo yeye. Martin Luther, akiieleza amri ya saba katika Katekisimo Kubwa, anafundisha kwamba mwizi si yule tu avunjaye sanduku, bali ni yeyote ajinufaishaye kwa hasara ya jirani sokoni, dukani na katika kazi. Fundisho hilo halihitaji kutafsiriwa upya ili lieleweke mwaloni.

Samaki wa leo

Tulisema kwamba swali sasa linamhusu samaki mwingine. Huyo ni dagaa. Huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa mwanga wa karabai, na siku hizi wa taa za umeme wa jua. Huzaliana upesi, na kwa hiyo amestahimili pale wengine waliposhindwa. Leo zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa ziwani ni dagaa. Huliwa mzima pamoja na mifupa na kichwa, naye humpa mtoto madini ya chokaa, chuma na vitamini A. Hauzwi kwa kilo nzima tu. Mama mwenye fedha kidogo hununua fungu. Ni chakula kinachofaulu swali la kwanza kuliko kingine chochote ziwani.

Lakini sehemu kubwa ya dagaa haifiki chunguni. Husagwa kuwa chakula cha kuku, na pia cha samaki wafugwao, katika miaka hii ambapo ufugaji wa sato katika vizimba unahimizwa. Hatusemi kwamba kuku na sato wa kizimbani ni vitu vibaya. Tunasema kwamba samaki wa maskini anageuzwa lishe ya samaki na kuku wa mwenye nacho, nalo linatendeka katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Hakuna ndege ya Kirusi katika habari hii, wala mnunuzi wa Ulaya, na pengine ndiyo sababu hakuna filamu. Tukingoja mgeni aje atuonyeshe, atakuja, naye ataona kwa macho yake, nasi tutaandamana.

Kiamsha kinywa cha ufukoni

Katika filamu yumo mchungaji wa mwaloni. Anahesabu maiti wanaozikwa kwa UKIMWI, na anapoulizwa kama huwashauri wavuvi kutumia kondomu anajibu kwamba hawezi, kwa kuwa ni dhambi. Wengi wamemcheka. Sisi tunaona kwamba mtu huyu yupo mwaloni, anawazika watu wake kwa majina yao, na hilo si dogo. Lakini ni kweli pia kwamba katika filamu nzima hatuoni Kanisa likisema lolote kuhusu samaki. Linasema kuhusu mwili wa mvuvi usiku na roho yake baada ya kufa. Kuhusu kazi yake ya mchana na chakula chake liko kimya.

Ukimya huo hautoki katika Maandiko. Sura ya 21 ya Injili ya Yohana inasimulia habari ya wavuvi waliokesha bila kupata kitu. Kwa neno la Bwana walivuta jarife lenye samaki wakubwa 153. Wahubiri wengi huikazia hesabu hiyo. Lakini fuata mpangilio wa simulizi. Wanafunzi walipofika nchi kavu walikuta moto wa makaa umewashwa, na Bwana akawaagiza walete baadhi ya samaki waliowavua muda uleule. Kisha akawaalika kula. Kwanza wavuvi wanakula, ufukoni, kutoka katika wavu wao wenyewe. Ndipo baada ya kula Petro anapewa agizo la kulisha kondoo. Simulizi halisemi wale samaki wengine walikwenda wapi. Bila shaka waliuzwa, maana hawa walikuwa wavuvi wenye kazi yao. Injili haikatazi soko. Inaweka tu moto wa makaa mahali pake, kabla ya soko.

Hivyo ndivyo Luther alivyolielewa ombi la nne la Sala ya Bwana. Katika Katekisimo Kubwa anaeleza kwamba kuomba mkate ni kuomba pia shamba, amani, majirani wema na serikali nzuri, kwa sababu mkate haufiki mezani pasipo hayo. Anathubutu hata kusema kwamba ingefaa ngao ya mtawala mcha Mungu iwe na picha ya mkate badala ya simba, ili akumbushwe kwamba kwa ofisi yake watu hupata ulinzi na kula kwa amani. Na ombi lenyewe ni la wengi: twaomba mkate wetu. Anayeomba hivyo huku akijua kwamba jirani yake amebakiziwa mifupa ameomba kwa ulimi mmoja na kula kwa mwingine.

Yatupasayo

Tahakiki isiyofika jikoni haina faida, kwa hiyo tunamalizia kwa mambo machache.

Dagaa wakianikwa mchangani huchanganyika na mchanga, na mvua ikinyesha huoza. Hao ndio wanaoishia kwenye mashine ya chakula cha kuku, kwa bei ya chini. Wakianikwa juu ya vichanja vyenye wavu hukauka vizuri, huwa safi, na huuzwa kama chakula cha watu kwa bei iliyo bora. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni miti michache, misumari na kipande cha wavu. Sharika za ufukoni zina mafundi, zina viwanja, na zina vikundi vya wanawake vinavyokutana kila juma. Kuwajengea waanikaji vichanja ni kazi ya udiakonia sawa na zahanati.

Katika sharika zetu sadaka ya mavuno huletwa altareni na baadaye hunadiwa. Mahindi, ndizi na kuku hupokelewa kwa shangwe. Ibada hiyo ingefaa kumtambua na mvuvi: samaki wa ziwani nao ni mavuno, na mwombaji ataje ziwa kama atajavyo mvua. Na vyuo vyetu vya theolojia, ambavyo wanafunzi wake hula maharage na wali karibu kila siku, vyaweza kuanza na orodha ya chakula. Mwanafunzi aliyekula dagaa wa Kirumba, akajua ni nani aliyewaanika na alilipwa nini, atahubiri Yohana 21 tofauti.

Kuhusu filamu yenyewe, shauri letu ni kwamba ionyeshwe vyuoni na ijadiliwe. Isionyeshwe kama ukweli wote wa Mwanza, maana siyo. Isifichwe kama tusi, maana swali lake halijajibiwa. Mtazamaji akiisha kuwaona wanawake wale wakitundika mapanki juu ya vichanja, aulizwe swali moja tu kabla taa hazijawashwa: ni nani aliyeamua kwamba nyama iende na mifupa ibaki, na leo, juu ya dagaa, nani anaamua?